Maswali ya Wasomaji: "Dawa gani ya ukungu huu?"

Barua za safari hii zimetoka Kigoma na Tabora, na karibu zote zinauliza dawa. Sisi huanza na swali jingine: ukungu wenyewe unaishi wapi? Upo unaolala ndani ya mbegu, unaokaa udongoni miaka na miaka, unaopeperushwa na upepo, na unaomalizia kazi yake ghalani. Kila mmoja una mlango wake wa kuufungia, na mara nyingi mlango huo si bomba la dawa.

Swali: Habari za kazi. Nalima maharage Manyovu, wilayani Buhigwe. Kila msimu maganda hutoka madoa ya duara yaliyobonyea, pembeni meusi na katikati kama waridi. Napiga mankozebu mara tatu, lakini msimu unaofuata madoa yanarudi palepale. Nauziwa dawa feki?
— Mkulima wa Manyovu

Jibu: Dawa yako huenda ni nzima kabisa. Huo ni ugonjwa wa chule, na unaupanda mwenyewe. Ukungu wake, Colletotrichum lindemuthianum, hujificha chini ya ganda la mbegu. Mbegu ikiota, vile vipande viwili vinene vinavyochomoza na mche hutoka na vidonda vya kahawia, kisha matone ya mvua hurusha spora, yaani mbegu za ukungu, hadi miche ya jirani. Mankozebu hukaa juu ya jani tu. Haiufikii ukungu uliomo ndani ya mbegu.

Hakikisha kwanza kwamba ni chule. Geuza jani: mishipa ya upande wa chini huwa imegeuka nyekundu ya matofali au nyeusi. Madoa yakiwa na kona kwa kuzuiwa na mishipa, na chini yana vinyoya vya kijivu, huo ni ugonjwa wa madoa pembe. Unga wa rangi ya kutu ukibaki kwenye kidole, ni kutu. Chule hupenda baridi na maji, takriban nyuzi 13 hadi 26 za Selsiasi, ndiyo maana inawatesa zaidi ninyi wa milimani kuliko wenzenu wa ufukweni mwa ziwa.

Kazi inaanza kabla ya kuvuna. Pita shambani maganda yakiwa bado mabichi, tafuta sehemu isiyo na madoa, uizungushie vigingi. Mbegu ya mwakani itoke hapo tu, ivunwe peke yake na ipurwe kwanza, kabla turubai halijachafuliwa na maharage mengine. Ekari moja hutaka kilo 30 hadi 40 kwa maharage ya punje kubwa, kwa hiyo si eneo kubwa la kulinda. Chambua na kutupa kila punje yenye doa, ila ujue kwamba punje safi kwa macho nayo inaweza kuwa imebeba ukungu. Hivyo ipake dawa ya mbegu yenye thiramu kwa kipimo cha kibandiko, na mbegu iliyopakwa isiliwe wala kupewa kuku. Shamba lenyewe lipumzishwe maharage misimu miwili. Weka mahindi au muhogo, na mabaki ya zamani yafukiwe. Palizi asubuhi yenye umande iacheni. Nguo na mikono iliyolowa husambaza spora mstari hadi mstari.

Ukitaka kuendelea na mankozebu, ipige kabla ya maua na uirudie kila siku 10 hadi 14 kulinda maganda machanga. Kuipiga madoa yakishajaa ni kupoteza fedha. Na unapochagua aina inayostahimili, uliza imejaribiwa wapi. Ukungu huu una makabila mengi, na aina iliyosimama imara Nyanda za Juu Kusini inaweza kuangushwa na kabila lililoko kwenu. Ndiyo sababu watafiti huipanda aina moja katika vituo vingi kabla ya kuitoa kwa wakulima.

Swali: Kahawa yangu ya Kalinzi inatoa buni changa zenye mabaka meusi, kisha zinadondoka. Jirani alinielekeza kuchanganya mrututu (salfeti ya shaba) na chokaa. Majani yaliungua, na pua ya bomba ikaziba mara nne. Nilikosea wapi?
— Msomaji wa Kalinzi, Kigoma Vijijini

Jibu: Mabaka meusi yaliyobonyea kwenye buni ya kijani ni chulebuni. Ukungu wake, Colletotrichum kahawae, ni ndugu wa ule wa maharage tulioueleza hapo juu, ila hauhami kutoka zao moja hadi jingine. Jirani yako hakukudanganya. Mchanganyiko huo umekuwa ukitumika tangu mwaka 1885, Pierre-Marie-Alexis Millardet alipoutangaza huko Bordeaux, Ufaransa. Wakulima wa zabibu wa kule walikuwa wakipaka mrututu kwenye mizabibu ya kando ya barabara ili wezi waogope kula, naye akaona mizabibu hiyo ndiyo isiyougua. Kosa liko kwenye kuchanganya, na hapo ndipo wengi hukwama.

Kwa lita 20 unahitaji gramu 200 za mrututu na gramu 200 za chokaa isiyozimwa. Ukipata ile iliyokwisha kuzimwa, ya unga mkavu, tumia gramu 250 hadi 300. Andaa ndoo mbili za plastiki, kila moja lita 10 za maji. Usitumie debe wala ndoo ya bati, maana shaba hugandia chuma, dawa hupungua nguvu na chombo hutoboka. Saga mrututu, ufunge kwenye kitambaa na uuning'inize usawa wa juu wa maji. Ukitupwa chini ya ndoo hukawia kuyeyuka. Chokaa izime pembeni kwa maji kidogo kidogo, na ulinde macho kwa kuwa huchemka yenyewe, kisha ikorogee kwenye ndoo ya pili na uiache ipoe kabisa. Sasa mimina maji ya mrututu polepole ndani ya maji ya chokaa huku mwenzako anakoroga bila kuacha. Kama ulichanganya vikiwa vizito kwenye maji machache ndipo ukaongeza maji, hapo umepata jibu la pua kuziba: chembe huwa kubwa, zinatuama. Chuja kwa kitambaa unapojaza bomba.

Kuhusu kuungua, chovya msumari unaong'aa au kisu safi kwa dakika moja. Ukitoka na wekundu wa shaba, mrututu umezidi na utaunguza majani. Ongeza maji ya chokaa, upime tena hadi msumari utoke mweupe. Mara nyingi kosa ni chokaa ya zamani. Iliyokaa wazi huvuta hewa ya ukaa na kugeuka unga usioweza kukata ukali wa mrututu, hata ukiipima kwa mizani ya dhahabu. Mchanganyiko utumike siku hiyohiyo. Ukilala, chembe hubadilika na hazishiki tena kwenye buni.

Dawa hii hukinga tu, haiponyi buni iliyokwisha kuingiwa. Kipindi cha hatari ni buni inapotanuka, kama wiki ya nne hadi ya kumi na nne baada ya maua. Anza kabla mvua hazijakolea, urudie kila wiki tatu au nne, na ulowanishe mashada ya buni, si majani ya juu pekee. Buni nyeusi zilizokaukia mtini tangu msimu uliopita ziokotwe zote, maana ndizo kiwanda cha spora. Matawi yaliyosongamana yapunguzwe ili mti ukauke upesi baada ya mvua. Na tafadhali bomba lisioshewe kijitoni: shaba ni sumu kwa samaki, na vijito vyenu vinaishia Ziwa Tanganyika.

Kama mibuni yako ni ya kale na unachoka kupiga dawa kila mwaka, ongea na TaCRI, Taasisi ya Utafiti wa Kahawa Tanzania. Aina zao za arabika zilizoboreshwa zinastahimili chulebuni na kutu ya majani kwa pamoja. Kwa mtazamo wetu, kubadilisha mibuni michache kila mwaka ni nafuu kuliko kununua mrututu maisha yote.

Swali: Migomba yangu ya kisukari huku Kasulu inanyauka mmoja baada ya mwingine, lakini ya ndizi za kupika iliyo pembeni haina shida. Wengine wanasema ni ule mnyauko wa bakteria. Nitajuaje?
— Mama mkulima, Kasulu

Jibu: Mama, kisu kitakujibu. Kata shina la mgomba unaonyauka, karibu na ardhi. Ukiona nyuzi au duara za kahawia hadi wekundu uliokolea, na hakuna utomvu wa njano unaotoka, huo ni mnyauko wa fusari, yaani ukungu. Ukisubiri dakika chache yakatokea matone mazito ya njano kwenye mkato, ni bakteria. Kata na ndizi yenyewe: mnyauko wa bakteria huivisha ndizi kabla ya wakati na kuifanya kahawia ndani, ilhali fusari haigusi nyama ya ndizi. Kwa fusari, majani ya chini huanza kuwa ya njano pembezoni, huvunjika kwenye kikonyo na kuning'inia kama sketi, na shina huweza kupasuka karibu na ardhi.

Maelezo yako yanaelekea fusari, kwa kuwa kabila lake la kawaida hushambulia kisukari na kuziacha ndizi za kupika za ukanda wetu wa maziwa makuu. Bakteria haichagui hivyo.

Dawa ya kunyunyiza haipo. Spora ngumu za fusari hukaa udongoni hata miaka 20 na zaidi. Ng'oa shina lote na mizizi yake, ulichome palepale. Usitoe chipukizi katika shamba hilo kwenda popote, hata la mgomba unaoonekana mzima. Mahali palipokufa kisukari panda ndizi za kupika. Panga na jembe visafishwe udongo wote kwanza, kisha vichovywe kwenye jiki, sehemu moja kwa tano za maji. Jiki juu ya tope haiui kitu. Kisukari kipya kianze kwa miche ya chupa, ile inayooteshwa maabara, kwenye ardhi isiyopokea maji yanayotiririka kutoka shamba hili.

Swali: Muhogo wangu Uvinza una michirizi ya kahawia ndani ya mizizi. Nipige dawa gani ya ukungu?

Jibu: Usipige yoyote. Michirizi mikavu ya kahawia ndani ya muhogo ambao haujaoza wala kunuka ni batobato kahawia, ugonjwa wa virusi, na dawa ya ukungu haina kazi kwa virusi. Hubebwa na vipando na kuenezwa na nzi weupe. Tafuta vipando vilivyokaguliwa vya aina inayostahimili, ung'oe mashina yenye dalili. Mizizi ikiwa laini, yenye maji na harufu, hapo ndipo tuzungumzie kuoza kwa ukungu, na cha kwanza huwa ni kutoa maji yaliyotuama.

Swali: Nasoma kilimo Tabora. Watafiti wanathibitishaje kwamba ukungu fulani ndio unaosababisha ugonjwa? Na mkulima akitaka kupeleka sampuli aifanyeje?
— Mwanafunzi, Tabora Mjini

Jibu: Tuanze na sampuli, kwa kuwa nyingi huharibika kabla hazijafika maabara. Mmea uliokufa kabisa hausaidii. Juu yake kuna ukungu wa kila aina unaokula maiti, na ule ulioua umeshazidiwa. Chukua wenye dalili changa, ukiwa na sehemu nzima na sehemu mgonjwa kwenye jani moja. Kwa mnyauko, ng'oa mmea mzima na mizizi na udongo wake. Majani yafungwe kwenye gazeti kavu kisha bahasha ya kaki. Mfuko wa nailoni huyatoa jasho, na baada ya siku mbili kinachofika ni uozo. Tuma Jumatatu au Jumanne yasije yakalala stendi mwisho wa wiki. Andika aina ya zao, tarehe ya kupanda, dawa na mbolea zilizotumika, na jinsi ugonjwa ulivyokaa shambani: umetapakaa, uko bondeni tu, au umefuata mstari. Mara nyingi maelezo hayo humsaidia mtaalamu kama jani lenyewe. Pitia kwa afisa kilimo wa halmashauri. Kwa Tabora kituo cha TARI (Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania) kiko Tumbi, kwa Kigoma kiko Kihinga.

Maabara hukata vipande vya milimita 3 hadi 5 kwenye mpaka wa sehemu nzima na mgonjwa. Huchovywa kwenye maji ya klorini ya asilimia 1 kwa dakika moja hivi kuua vilivyo juu, husuuzwa mara tatu kwa maji yaliyotakaswa, hukaushwa na kuwekwa juu ya chakula cha ukungu: mchuzi wa viazi gramu 200, sukari ya glukosi gramu 20 na agari (unga wa kugandisha) gramu 15 hadi 20 kwa lita moja ya maji, vilivyochemshwa kwa mvuke wa shinikizo wa nyuzi 121 kwa dakika 15. Klorini ikikaa muda mrefu huua na ukungu unaotafutwa. Ikikaa kidogo, sahani nzima inajaa kuvu wa mkate. Kwenye nyuzi 25 au karibu, ukungu mwingi hujitokeza ndani ya wiki.

Kuuona kwenye sahani si ushahidi. Kanuni zinazoitwa za Robert Koch, Mjerumani (huyohuyo aliyefika Amani, Tanga, mwaka 1906 kuchunguza malale), zinadai uonekane kwenye mimea yote yenye ugonjwa, uoteshwe peke yake, ukiambukizwa mmea mzima ulete dalili zilezile, kisha utolewe tena humo na uwe uleule. Mimea mingine mizima huchanjwa kwa maji matupu. Bila hiyo, kidonda cha sindano kinaweza kudhaniwa ugonjwa. Kutu na ubwiri unga hazioti kwenye agari hata ufanyeje, kwa sababu huishi kwenye mmea hai tu, hivyo hutunzwa juu ya miche.

Jaribio la dawa shambani nalo hugawanywa vitalu, kila dawa hurudiwa mara nne kwa kupiga kura mahali pake, na daima kuna kitalu kisichopigwa kitu. Wakulima huona hicho ni hasara. Lakini mwaka usio na ugonjwa kila dawa huonekana nzuri, na kitalu hicho pekee ndicho husema ukweli.

Swali: Mahindi na karanga zangu za Nzega hazina ukungu wowote unaoonekana, lakini mnunuzi alipima akazikataa kwa sumukuvu. Niweke dawa gani ghalani?
— Mkulima wa Nzega

Jibu: Dawa ya ghalani huua wadudu, haiondoi sumu. Sumukuvu hutengenezwa hasa na Aspergillus flavus, ukungu wa udongoni, na huweza kuingia shambani: mahindi yakipigwa na ukame wakati wa kubeba, au bunzi likitobolewa na wadudu. Karanga ndiyo hatari zaidi, maana ganda linalala ndani ya udongo wenyewe. Sumu hubaki hata ukungu ukishafutika machoni, na kupika ugali hakuiondoi. Mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa mahindi ya namna hiyo.

Kikomo cha Afrika Mashariki ni mikrogramu 10 kwa kilo, na 5 kwa ile kali zaidi, B1. Punje chache tu hubeba sehemu kubwa ya sumu, kwa hiyo konzi mbili za gunia moja zinaweza kutoa majibu mbalimbali. Dai sampuli itolewe sehemu nyingi za kila gunia, ichanganywe na kusagwa yote kabla ya kupimwa.

Shambani ipo Aflasafe, iliyosajiliwa nchini mwaka 2018. Ni punje za mtama zilizopakwa ndugu wa ukungu huo wasiotengeneza sumu, ambao huchukua nafasi ya wenye sumu. Kwa mahindi, mwaga kilo 4 kwa ekari, wiki mbili au tatu kabla ya maua, udongo ukiwa umelowa na palizi imekwisha. Kwenye udongo mkavu haiamki, na ndege huila.

Kisha kukausha. Usianike ardhini, tandika turubai, unene usizidi sentimita 5, geuza mara kwa mara, funika jioni. Mahindi yafike unyevu wa asilimia 13.5, karanga zilizomenywa 7 hadi 8. Bila kipimo, chukua chupa kavu ya kioo, tia punje hadi robo na vijiko viwili vitatu vya chumvi iliyokauka kabisa, tikisa dakika mbili au tatu, acha dakika 15. Chumvi ikiganda kwenye kioo, unyevu bado umezidi asilimia 15. Chumvi isipoganda, usifunge gunia papo hapo. Anika siku nyingine moja, kwa sababu njia hii haioni tofauti kati ya 13 na 15.

Kulowesha karanga ili zimenyeke upesi ndiyo desturi inayoharibu mavuno mazuri kwa usiku mmoja. Menya kavu, au tumia mashine. Toa punje zilizonyauka, zilizopasuka na zilizobadilika rangi, na usizigeuze chakula cha kuku wala ng'ombe wa maziwa, kwani sumu hupita hadi kwenye maziwa. Mifuko isiyopitisha hewa ni mizuri, lakini haikaushi kitu. Nafaka mbichi ndani yake ni mbichi iliyofungiwa.

Swali: Maua ya miembe yangu Sikonge yanafunikwa unga mweupe na kupukutika. Nina mizinga ya nyuki chini ya miti hiyohiyo. Naweza kupiga dawa?
— Mfuga nyuki, Sikonge

Jibu: Unaweza, ukichagua dawa na saa. Huo ni ubwiri unga. Tofauti na ukungu mwingine tulioutaja, wenyewe hauhitaji jani lilowe. Siku kavu na usiku wa baridi, hali ya kiangazi chenu miembe inapotoa maua, vinautosha. Tumia salfa ya asilimia 80, ile ya kuchanganya na maji, gramu 40 hadi 60 kwa lita 20. Piga mara ya kwanza mashada yanapochomoza kabla ya kufunguka, ya pili baada ya siku 10 hadi 14, ya tatu vitunda vikifikia ukubwa wa punje ya njegere. Juani, joto likipita nyuzi 32 hivi, salfa huunguza maua.

Salfa yenyewe haina makali kwa nyuki, lakini piga jioni wakisharudi mzingani, ili dawa ikauke kabla ya asubuhi. Usiichanganye kamwe na dawa ya wadudu wakati wa maua. Wengi hufanya hivyo kuokoa safari moja ya bomba, na ndipo nyuki hufa. Ukiuziwa tebukonazoli badala ya salfa, usiipige zaidi ya mara mbili mfululizo. Angalia namba ya kundi kwenye kibandiko: tebukonazoli ni kundi la 3, na difenokonazoli vilevile, hivyo kubadilisha jina bila kubadilisha namba hakuzuii ukungu kuzoea dawa. Miti ikiwa mirefu kiasi kwamba bomba la mgongoni halifiki kileleni, ipunguze mara tu baada ya kuvuna, ufungue na katikati, maana mashada ya juu yasiyofikiwa na dawa ndiyo yatakayoyamwagia unga ya chini.